Mayai kwenda, chakula cha kuku kurudi: Probox, Succeed, Fielder au AD Van?

mayai_kibaha
Wakuu, habari za leo. Natafuta gari ya mkononi ya kubebea mzigo mdogo, na kirikuu (pikapu ndogo) siitaki kwa sababu Jumapili nyuma wanakaa watoto. Kazi yenyewe: trei 140 za mayai kutoka Kibaha kwenda Dar, kurudi na mifuko 6 ya chakula cha kuku ya kilo 50. Mbele watu wawili. Kilomita 9 za kwanza ni rafu rodi yenye mawimbi, zilizobaki lami. Safari tatu kwa wiki. Nilizoziona yadi: Probox, Succeed, Fielder NZE121 na AD Van Y11. Kuna anayenishauri Caldina ya zamani kwa kuwa ni pana. Petroli tu, dizeli hapana. Ipi inabeba bila kulalia nyuma? Na ni lazima kubadili springi siku ya kwanza, kama kila mtu anavyofanya?

chesisi_na_springi
Mkuu, kabla ya jina la gari, angalia herufi ya mwisho kwenye namba ya modeli, kile kibati cha ndani ya boneti. Probox na Succeed zilitoka Japani mwaka 2002 kwa sura mbili: van na wagon. Ukiona NCP51V, V hiyo ni van, iliyosajiliwa Japani kama gari ya mizigo. NCP58G ni wagon, gari ya abiria. Kwa nje zinafanana kama pacha, na muuzaji wa yadi atakuambia ni kitu kimoja. Si kitu kimoja.

Probox van imeidhinishwa kilo 400 ikiwa na watu wawili, au kilo 250 ikiwa na watu watano. Wajapani huhesabu mtu kilo 55, kwa hiyo jumla ya watu wawili na mzigo ni kilo 510. Wagon haina kiwango cha mzigo kabisa: hesabu yake ni watu watano mara 55, yaani 275, na dereva yumo humo. Sasa weka mambo yako. Watu wawili wa kilo 75 ni 150, ongeza mifuko 300, unapata 450. Kwenye V upo ndani ya kiwango na unabakiwa na kilo 60. Kwenye G umezidisha kilo 175 kabla hata hujatoka dukani.

Kiti cha nyuma nacho kinasema ukweli. Cha van ni chembamba na kinalala hadi sakafu inakuwa bapa, karibu mita 1.8 kutoka mlango wa nyuma hadi migongo ya viti vya mbele. Cha wagon ni kinene, watoto watakifurahia, lakini kikikunjwa kinaacha tuta.

Fielder ni gari nzuri na injini ni ileile ya Probox, 1NZ-FE, ila kimahesabu iko upande wa G. Kwa mifuko miwili mitatu, sawa. Kwa sita mara tatu kwa wiki, utakuwa unanunua shokapu za nyuma kama unavyonunua mkate.

qg_na_nz
Naunga mkono van. Upande wa injini naongeza haya.

1NZ-FE (cc 1,497) inatumia taimingi cheni, inachukua oili lita 3.7 pamoja na filta, na spea zake zipo kila duka. Ugonjwa wake ni kula oili pale mwenye gari alipokuwa anapitisha muda wa kumwaga: ringi za oili zinaganda kwa masizi. Dalili: iache iungurume sailensa dakika tano bila kugusa mafuta, kisha kanyaga mafuta kwa nguvu huku mwenzako anaangalia ekzosi. Moshi wa bluu ukitoka, shusha bei au ondoka. Probox ya kuanzia 2014 (NCP160V) ina gia za CVT, yaani otomatiki ya mkanda isiyo na hatua za gia. Kwa mzigo wako ningechagua ya kabla, yenye otomatiki ya gia 4, au manyuali ukiipata.

AD Van Y11 mara nyingi utakuta ina injini ya QG15DE. Mwili wake ni mzuri na buti linakaa vizuri, lakini cheni ya QG hulegea. Sikiliza asubuhi injini ikiwa baridi kabisa: mkwaruzo upande wa cheni unaopotea baada ya sekunde chache ni onyo, usiopotea ni gharama. Sensa za kamshafti na krenkshafti zikianza kufa, gari inazima ikipata moto na kuwaka ikipoa. Fundi asiyejua anakuuzia pampu ya mafuta.

Caldina iache. Toleo lake la van ndilo Succeed iliyochukua nafasi yake mwaka 2002, kwa hiyo unarudi nyuma kizazi kizima. Van hiyo ya petroli, ET196V, ina injini ya 5E-FE yenye mkanda wa taimingi, na hakuna muuzaji atakayekuonyesha ulibadilishwa lini. Wagon zake ni pana kweli, tena laini.

familiale504
Nilidhani mtaitaja Peugeot 504 stesheni wagon. Ekseli ya nyuma ni ngumu ya kipande kimoja na ina springi nne za koili, mbili kila upande, ndiyo maana Kenya ilifanya kazi ya matatu miaka na miaka. Hakuna hata moja kati ya hizo zenu iliyotengenezewa mzigo hivyo.

qg_na_nz
Kweli kabisa, mkuu, na kabureta yake utaitengenezea wapi mayai yakiwa barabarani Jumatatu asubuhi?

mayai_kibaha
Asanteni. Nimerudi yadi. Succeed ni NCP58G kweli, nimesoma kibati. Probox ni NCP51V, ila nyuma imenyanyuliwa: nimeona raba nyeusi zimechomekwa katikati ya mizunguko ya springi. Muuzaji anasema hiyo ni nyongeza, "imeshaandaliwa kwa mzigo". Niichukue hivyohivyo?

chesisi_na_springi
Ichukue kama vingine viko sawa, kisha siku ileile ng'oa hizo raba.

Raba ikikaa kati ya mizunguko miwili, mizunguko hiyo haifanyi kazi tena. Springi inakuwa fupi, gari inakaa juu na kuwa ngumu, lakini mkazo wote unahamia kwenye mizunguko iliyobaki. Chuma kinavunjika hapo pembeni ya raba. Baada ya kuzitoa, safisha springi kwa brashi ya waya na utafute ufa au mkwaruzo wenye kutu. Ukiuona, badilisha zote mbili kwa pamoja, usibadilishe moja.

Zile bangili za kuweka chini ya springi zinanyanyua tu, haziongezi uwezo wa kubeba hata kilo moja. Tena baadhi ya van zina valvu ya breki inayosoma mzigo kwa kifimbo kilichounganishwa na ekseli. Ukiinua bodi bila kurekebisha kifimbo, valvu inadhani gari ni tupu na kuzipunguzia breki za nyuma nguvu wakati ndipo zinahitajika. Piga magoti uangalie kama yako inayo.

Gari ikiwa tupu, sehemu tambarare, pima kwa futi kutoka katikati ya tairi hadi ukingo wa bodi juu yake, kushoto na kulia. Tofauti ikizidi sentimita moja na nusu, kuna springi iliyochoka au ekseli imepinda. Tazama pia tairi za nyuma: zikiwa zimelika upande wa ndani tu, hiyo ekseli imeshabebeshwa saruji.

trei_thelathini
Wote mmeongelea mifuko, hakuna aliyeongelea mayai, na fedha iko kwenye mayai.

Trei moja ya 30 ni karibu kilo 2, kwa hiyo 140 ni kama kilo 280. Uzito ni karibu sawa na mifuko, lakini mfuko hauvunjiki. Springi ngumu iliyofungwa kwa ajili ya mifuko itakupasulia mayai kwenye yale mawimbi, hasa siku unayopeleka trei 60 tu. Ndiyo maana jibu la "kubadili springi siku ya kwanza" ni hapana. Baki na springi za kiwandani zikiwa nzima, weka shokapu mpya za nyuma, na ndani ya kila springi chomeka puto la hewa linalojazwa kwa valvu kama ya tairi. Siku ya mifuko lijaze hadi psi 25 au 30, bila kuvuka kikomo cha mtengenezaji. Siku ya mayai machache shusha hadi 5 au 8, lisiachwe tupu kabisa maana linajikunja na kuchanika. Mrija wa kila puto uwe peke yake. Ukiziunganisha, kwenye kona hewa inakimbilia upande mwepesi na gari inalala.

Kupanga: trei ni kama sentimita 30 kwa 30. Kwenye mita 1.8 zinaingia safu 6 kwa urefu. Pima nafasi kati ya matao ya tairi. Ikizidi sentimita 90 zinaingia 3 kwa upana. Hapo una nguzo 18, kila nguzo trei 8, jumla 144. Usipande hadi 12 kama wanavyofanya wengine, kwa sababu trei za karatasi zikishika unyevu za chini zinasagika. Sakafuni weka godoro jembamba la sentimita 3, juu ya kila nguzo trei tupu, halafu mkanda mpana wa kukaza, siyo kamba ya katani.

chesisi_na_springi
Trei_thelathini kasema vizuri kuliko mimi. Mifuko nayo ina mpangilio. Umbali kati ya tairi ya mbele na ya nyuma kwenye Probox ni mita 2.55. Kilo 300 zikikaa sentimita 30 nyuma ya ekseli, ekseli inabeba 335 na mbele inapungukiwa 35: usukani unakuwa mwepesi na taa zinamulika minazi. Zisukume hadi ziguse viti vya mbele, sentimita 40 mbele ya ekseli, na nyuma inabeba kama 253 tu. Mzigo uleule, springi zilezile. Juu ya keria usipandishe mfuko wowote.

Tairi: nunua zenye LT au C, yaani za gari ndogo za mizigo. Ubavuni tafuta namba kama 88/86, ambapo 88 ni kilo 560 kwa tairi. Za gari ndogo za abiria zenye 82 ni kilo 475, na hiyo ni zikijazwa kikamilifu. Kimahesabu zinatosha, lakini ukuta wake laini hupasuka kwenye mashimo. Upepo fuata kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva, safu ya mzigo kamili, ila tu kama saizi ya tairi ni ileile iliyoandikwa hapo.

mayai_kibaha
Nimeelewa. NCP51V basi, raba zitoke. Breki za nyuma ni za ngoma, niziangalie nini?

qg_na_nz
Fungua ngoma zote mbili kabla ya kulipa. Oili ya breki ikiwa imevujia kwenye shoo, silinda ndogo imekwisha, na shoo zilizolowa hazisafishiki, weka mpya. Ngoma ikiwa na ukingo mkubwa unaokwama kwenye kucha, ipelekwe kuchongwa au ibadilishwe. Kikomo cha kipenyo kimechorwa kwenye ngoma yenyewe. Zungusha tairi kwa mkono ikiwa kwenye jeki na usikilize beringi. Halafu mjulishe wakala wa bima kwamba inabeba bidhaa za biashara, iandikwe hivyo kwenye karatasi.