Tupeane uzoefu: draiva sahihi ya Bluetooth kwenye laptop za mtumba

Mdau wa Njiro, Arusha:
Wakuu, laptop ya mtumba ikishapigwa Windows upya, mara nyingi Bluetooth hupotea. Usishushe draiva (programu ndogo inayoiwezesha Windows kutumia kifaa) kwa kufuata jina la laptop tu, maana modeli moja hutoka na kadi tofauti tofauti. Fungua Device Manager (orodha ya vifaa ndani ya Windows), tafuta kifaa chenye alama ya mshangao ya njano, ingia Properties, Details, kisha Hardware Ids. Utakuta mfano USB\VID_8087&PID_0A2A. Zile herufi na namba nne baada ya VID zinataja mwenye chipu: 8087 ni Intel, 0BDA Realtek, 0CF3 Qualcomm Atheros, 0A5C Broadcom. Ukikuta 13D3 au 04CA, huyo ni muunda kadi tu, chipu ni ya mwingine. Hapo nenda tovuti ya kampuni ya laptop, uingize serial namba iliyo chini ya mashine.

Mdau wa Pasua, Moshi:
Naongezea hapo mkuu. Wi-Fi kushika kusikudanganye. Kadi ni moja, ila mara nyingi Wi-Fi inapita njia ya PCIe na Bluetooth inapita njia ya USB ndani ya mashine, kila moja na draiva yake. Na tafadhali, zile programu za kutafuta draiva zenyewe achaneni nazo. Zinamaliza bando na kuweka draiva isiyo yake.

Mdau wa Sakina, Arusha:
Device Manager ikiandika kosa la Code 43 kwenye Bluetooth, draiva inaweza kuwa sahihi na chipu ndiyo imeganda. Kuzima kwa kawaida hakutoshi, kwa sababu Fast Startup (mfumo wa Windows wa kuwaka haraka) huhifadhi hali ya mfumo ilivyokuwa. Zima ukiwa umeshikilia Shift, chomoa chaja, toa betri kama inatoka, kandamiza kitufe cha kuwashia sekunde 30, ndipo uwashe.

Mdau wa Majengo, Moshi:
Kwa wanaotumia adapta za USB za bei chee: ikisoma VID_0A12&PID_0001, inajitaja kuwa ya CSR (kampuni ya chipu), na nyingi ni chipu za kuiga. Iache Windows 10 iweke draiva yake yenyewe, CD iliyokuja nayo weka pembeni. Ikigoma kwa kosa la Code 10, irudishe dukani mapema. Sauti ikikatakata, itoe kwenye tundu la bluu la USB 3.0, maana huvuruga mawimbi ya 2.4 GHz, ichomeke kwenye jeusi la 2.0.

Mdau wa Njiro, Arusha:
Kama adapta ni ya ndani na inakata ukisogea mita moja, fungua mfuniko. Kadi ina vinyaya viwili vya antena. Kimoja kikichomoka, mara nyingi Wi-Fi inaendelea na Bluetooth ndiyo inaumia. Kibonyeze kwa ukucha mpaka kilie “tik”.