Mrejesho: Weupe chini ya dikali za Spitfire

Wadau, asanteni. Niliuliza kwa nini dikali (picha nyembamba za kubandika) za modeli yangu ya ndege ya kivita Spitfire Mk IX, kipimo cha 1/72, zinaonyesha utando mweupe kandokando ya duara za RAF (alama za jeshi la anga la Uingereza). Mlisema ni hewa, na ndiyo. Rangi isiyong'aa ina vinundu vidogo; dikali hukaa juu yake, hewa ikabaki chini.

Bawa la pili limetoka safi. Kwanza vanishi ya akriliki inayong'aa, koti mbili nyembamba, iachwe usiku mzima. Huku Kisumu wakati wa mvua heri siku mbili, unyevu wa ziwa huichelewesha. Dikali iloweke kwenye maji vuguvugu sekunde 15 hivi, kisha iweke juu ya tishu hadi iteleze kwenye karatasi yake bila kulazimishwa. Paka Micro Set (kimiminika cha kusaidia dikali ishike) pale inapokaa, isogeze kwa brashi mbichi, kamua maji kutoka katikati kwenda nje. Halafu Micro Sol (kimiminika cha kulainisha dikali) juu. Dikali itajikunja kama utando wa maziwa ya moto. Usiiguse kabisa, imelainika na itachanika. Ikikauka hulala hadi ndani ya mistari ya maungio ya mabati.

Bawa la kwanza nalo: toboa viputo kwa ncha ya sindano, Micro Sol tena, rudia. Weupe umebaki kidogo tu karibu na eleroni (kibao kinachosogea kwenye ukingo wa nyuma wa bawa).

Aliyeuliza kuhusu maji ya kuloweka dikali: ya kisima huacha madoa ya chumvi. Tumia maji ya betri kutoka kituo cha mafuta, ila soma chupa, isiwe asidi.

Na kabla ya 1945, juu ya mabawa weka duara za Type B, nyekundu na buluu pekee. Zenye duara jeupe ni za chini ya mabawa.