Namungo alifungwa fainali ya FA akaenda Afrika, Coastal 2022 tulifungwa tukabaki Tanga. Inakuwaje?

Mgosi_wa_Ngamiani:
Wakuu habari za humu. Kuna kitu kinanikera toka msimu wa 2021/22 na kila nikiuliza kijiweni naambiwa "ndo kanuni" alafu watu wanahamia kwenye stori za usajili. FA (Kombe la Shirikisho la Tanzania) ya msimu ule sisi Coastal Union, Wagosi wa Kaya, tulimtoa Azam nusu fainali kwa matuta, tukaenda fainali Arusha na Yanga ambayo ligi nzima haikufungwa hata mechi moja, tukamsimamisha mpaka 3-3 tukaja kufa kwa penati. Sawa, tumefungwa, nakubali. Lakini Yanga alikuwa bingwa wa ligi kwahiyo anaenda zake Ligi ya Mabingwa, ile nafasi ya bingwa wa FA kwenye Kombe la Shirikisho Afrika si inabaki wazi? Mbona 2020 Simba alichukua vyote viwili na Namungo aliyefungwa fainali ndo akapanda ndege? Sisi nafasi ikaenda Geita Gold ambao kwenye fainali hata hawakuwepo. Naomba mtu anieleweshe taratibu bila matusi.

Mzee wa Msimamo:
Mkuu hapo umechanganya misimu miwili ambayo haifanani. 2020 Tanzania tulikuwa na nafasi mbili tu kwenye mashindano ya CAF (shirikisho la soka Afrika), bingwa wa ligi anaenda Mabingwa na bingwa wa FA anaenda Shirikisho, basi. Simba akabeba vyote ikabidi nafasi ya FA imwangukie aliyecheza nae fainali, yaani Namungo. Angalia na msimamo wa ligi mwaka ule, Yanga alikuwa wa pili, Azam wa tatu, Namungo wa nne, na bado wa pili na wa tatu wote walibaki nyumbani.

2022 tulikuwa na nafasi nne maana tulishaingia kwenye zile nchi 12 za juu kwa pointi za CAF. Wawili Mabingwa, wawili Shirikisho. Yanga na Simba wakaenda Mabingwa, Azam akaenda Shirikisho kwa nafasi ya tatu, na ile ya bingwa wa FA kwa vile bingwa mwenyewe ameshapata tiketi kupitia ligi ikarudi kwenye msimamo, wa nne akawa Geita. Na sio Geita peke yake, 2019 KMC alienda kwa staili hiyo hiyo, 2021 Biashara United nae hivyo hivyo. Mnyonge mwenzenu ni Lipuli, 2019 kafungwa 1-0 na Azam pale Ilulu Lindi na hakuna aliyemkumbuka.

Mwananchi Damu:
Mgosi mnalia na mechi ya 2022 mpaka leo 😂😂 nyie mlipigwa matuta 4-1 mkaambiwa asante kwa kushiriki. Sisi kwanza nusu fainali tulimmaliza Mnyama (Simba) pale Kirumba kwa bao moja la Fei Toto (Feisal), nyie mlikuwa kama dessert.

kolokolo_jr:
@Mwananchi Damu dessert iliyowapiga tatu? Usisahau na 2020 mkuu, kwa maelezo ya Mzee hapo juu mngemtoa Simba nusu fainali na kushinda fainali mngecheza Afrika mwaka ule, mkala 4-1. Hizo nne mbona huzisemi.

Mwananchi Damu:
@kolokolo_jr mada ni Coastal usihamishe magoli

shangazi_wa_Chumbageni:
Mi niachieni niongelee Sopu mshambuliaji wetu jamani maana kwenye huu uzi hakuna aliyemtaja na bila yeye hakuna fainali ya kusimulia. Kijana kafungua, Feisal akasawazisha, Makambo akaweka la pili watu wa Yanga pale Sheikh Amri Abeid wakaanza kuimba kabisa, muda unayoyoma Sopu akarudisha, tumeenda dakika za nyongeza kaweka tena la tatu, hat trick ya fainali dhidi ya timu isiyofungwa! Nikasema leo kombe linalala Tanga. Akaja yule mtoto Nkane akasawazisha na nilijua pale pale kwamba imekwisha maana ukienda matuta na Diarra golini hapo unaomba Mungu tu. Mtu kafunga matatu kwenye fainali na karudi bila kombe, alafu hata wiki hazijapita nyingi Azam wakamchukua. Yaani sisi Coastal tunalea tu wanangu, wenzetu wanavuna. Hata mwalimu wetu Mgunda nae msimu uliofuata tukasikia yuko Simba.

Mgosi_wa_Ngamiani:
Shangazi shikamoo, umenitonesha 😅

@Mzee wa Msimamo nimekupata kwenye hesabu, asante sana kwa kweli. Ila ubishi wangu uko pale pale. Kama nafasi ni ya FA basi ibaki kwa watu wa FA. Geita kapata kwa ligi, sawa, timu ilikuwa nzuri, Mpole wao kafunga 17 kamzidi mpaka Mayele wa Yanga, ila FA yeye kafanya nini? Msimamo wa ligi una zawadi zake.

Mzee wa Msimamo:
Geita ndo kwanza alikuwa amepanda daraja msimu ule mkuu, mechi 30 viwanja vyote hivi mpaka akamaliza wa nne. Wewe unafika fainali ya FA kwa mechi chache, ratiba ikikuchekea unaweza usikutane na mkubwa hata mmoja mpaka mwisho. Namungo 2020 nusu fainali alicheza na nani? Sahare All Stars, ya hapo hapo kwenu Tanga, timu ya daraja la kwanza. Sisemi alibebwa, kila mtu anacheza na anayepangiwa, ila kumpa mtu nafasi ya Afrika kwa kufungwa fainali mimi inanishinda.

Na kuna jambo watu hawaliangalii. Ile fainali ya 2020 pale Sumbawanga, Simba alikuwa ameshatangaza ubingwa toka Juni na fainali imepigwa Agosti. Kwahiyo Namungo anaingia uwanjani tiketi iko mfukoni, ashinde afungwe anaenda. Wakafungwa 2-1 wakaondoka wanacheka. Nyie 2022 mlijua mkishinda mnaenda na mkifungwa basi, ndo maana Sopu alicheza vile. Ungepewa tiketi kabla ya mechi hiyo 3-3 usingeiona.

kolokolo_jr:
Hapo kwenye Sopu Mzee umeongeza chumvi, mchezaji hawazi kanuni za Bodi ya Ligi akiwa ndani ya kumi na nane. Ila Namungo tuwape haki yao, walifika mpaka makundi, walimtoa Primeiro de Agosto ya Angola. Makundi wakapigwa zote sawa lakini kundi lenyewe lina Raja na Pyramids ulitaka wafanyeje.

mnazi_wa_mkwakwani:
Mgosi mwenzangu mbona unaficha ya 2024? Fainali ya FA Yanga na Azam kule Amaan Zanzibar, Yanga bingwa wa ligi, Azam wa pili, wote wanaenda Mabingwa. Simba wa tatu Shirikisho. Na wa nne nani? Coastal Union! Kwa kanuni hii hii unayoilaani ndo tukaenda Angola. Tungefuata unavyotaka wewe tungeanza kubishana nafasi apewe aliyetolewa nusu fainali.

Mgosi_wa_Ngamiani:
Angola tulipigwa 3-0 na Bravos nyumbani tukatoka suluhu, safari ya aina hiyo unanikumbusha ya nini. Na ile ya 2024 tuliitolea jasho ligini, sikuwahi kusema ligi isitoe nafasi. Fainali ya 2022 bado nadai.

shangazi_wa_Chumbageni:
Marahaba mwanangu, nilichelewa kuona. Unamdai nani sasa, Diarra?