Pato la Taifa tangu 1964: namba haziingiani, naomba ushauri

Chati_Nakuru
Wadau, salamu kutoka Nakuru. Kazi yangu ni chati za ukutani, zile za kuning'inizwa darasani: mfumo wa jua, sehemu za mwili, marais wetu, ramani ya kaunti 47. Nauzia shule na maduka ya vitabu kuanzia Gilgil hadi Molo. Sasa niko na moja ya uchumi wa Kenya, vijiti vya Pato la Taifa (thamani ya vyote nchi inavyozalisha) mwaka kwa mwaka, 1964 hadi 2024. Kinachonikosesha usingizi ni kwamba namba haziingiani. Mwaka mmoja una namba tatu, kila kitabu na yake. Mwaka 2013 peke yake, ripoti ya zamani na mpya zimeachana karibu robo nzima, na zote ni za KNBS, shirika letu la takwimu la taifa! Namba ya kweli ni ipi? Tafadhali msinijibu kesho, shule zinafunguliwa Jumatatu.

Kamongo_wa_Dunga
Namba ya kweli iko mfukoni mwangu na ni sufuri. Kila mwaka tunaambiwa uchumi umekua, lakini huku Kisumu gorogoro ya omena haijapata habari hizo.

Mwalimu_Molo
Kamongo, punguza. Ndugu Chati, hakuna aliyekudanganya. KNBS hubadilisha mwaka wa msingi kila baada ya muda, yaani mwaka ambao bei zake na uzito wa kila sekta hutumika kupimia miaka mingine. Tumepitia 1982, 2001, 2009, na sasa tuko 2016. Septemba 2014 walipotoka 2001 kwenda 2009, Pato la Taifa la 2013 lilinenepa kwa robo, siku moja, bila mtu kulima hata tuta moja zaidi. Si uchawi. Vitu vilikuwepo ila havikuwa daftarini, au vilikuwa na uzito wa zamani: simu za mkononi, nyumba za kupangisha, viwanda. Nigeria mwaka huohuo waliruka kutoka msingi wa 1990 hadi 2010, wakaongezeka asilimia 89 na kuipita Afrika Kusini. Ghana walikuwa wametangulia 2010. Kwa hivyo tumia mfululizo mpya wa namba, usichanganye.

Mama_Lubao
Kuhesabiwa mimi nakujua. Ule utafiti wa bajeti za nyumba wa 2015/16 ulinifikia hapa Kakamega. Kijana anauliza wiki hii mmekula nini, mmenunua nini, mmetoa nini shambani. Nikamwambia mahindi sinunui, ni yangu. Akasema hata hayo yanaandikwa na kupewa bei. Kuku pia. Nikamuuliza, je, kuteka maji, kupika na kulea wajukuu watatu mnaandika shilingi ngapi? Akacheka. Nilimpa chai, nayo sijui aliiandika wapi.

Mwalimu_Molo
Mama, hapo umegusa penyewe. Mahindi unayojilimia na kula yanaingia kwenye Pato la Taifa, kazi ya kuyapika haiingii. Ukimwajiri binti akupikie kwa mshahara, uchumi umekua. Ukipika mwenyewe, uchumi hauoni moshi.

Mama_Lubao
Basi wawaambie wanaume wangu wapike wao, tuone kama uchumi utasimama.

Hesabu_tu
Turudi kwenye swali. Chati, kuna kitu hujasema. Vijiti vyako ni kwa bei za kila mwaka au kwa bei zisizobadilika? Na juu ya chati umeandika nini?

Chati_Nakuru
Ni bei zilizo kwenye vitabu. Maandishi ni ya kupamba tu, mkuu. Mimi nimeuliza 2013.

Hesabu_tu
Hayo ya kupamba ndiyo nayataka.

Chati_Nakuru
Haya. Kichwa kinasema UCHUMI WETU UMEKUA ZAIDI YA MARA 40,000. Nimegawa ya mwisho kwa ya kwanza. Kikokotoo hakidanganyi.

Kamongo_wa_Dunga
Mara elfu arobaini! 1964 baba yangu alikuwa na ng'ombe wawili. Hao elfu themanini nani amewaficha?

Hesabu_tu
Nilidhani hivyo. Chati, twende polepole.

Ripoti za zamani za uchumi ziliandikwa kwa pauni ya Kenya. Pauni moja ni shilingi 20. Ilikuwa ya vitabuni, dukani ulilipa shilingi. Wewe umeanza kwa pauni ukamaliza kwa shilingi. Gawa kwa 20, na 40,000 yako inakuwa 2,000.

Sasa ondoa bei. Mwaka 1993 mfumuko wa bei ulifika karibu asilimia 46. Ilikuwa baada ya uchaguzi wa 1992 na wakati wa kashfa ya Goldenberg, pesa zimejaa mitaani. Uzalishaji wenyewe haukukua hata asilimia moja. Lakini kwenye chati yako 1993 ni mwaka wa neema, kijiti kimepanda kwa sababu sukari imepanda bei, wala si kwamba tulisaga miwa zaidi. Ndiyo maana kuna bei zisizobadilika: unahesabu gunia lilelile kwa bei ileile kila mwaka, kinachobaki ni magunia. Piga mwenyewe. Ukuaji halisi wa wastani wa asilimia 4.5 kwa miaka 60 unazaa mara 14. Wa asilimia 5 unazaa karibu mara 19. Sisi tuko humo humo.

Halafu kuna vichwa. Sensa ya 1962 tulikuwa milioni 8.6, ya 2019 milioni 47.6. Gawia kila mtu fungu lake, unabaki na mara mbili na nusu, au tatu ukijipendelea. Kutoka 40,000 hadi 3, na nchi ni ileile.

Usikimbilie dola pia. Mwaka 2023 shilingi ilitoka kama 123 kwa dola ikafika 156. Kwa dola tulionekana tumesinyaa, mwaka ambao uzalishaji ulikua kwa zaidi ya asilimia 5.

Kuhusu 2013 yako: usiunganishe viwango vya vitabu viwili tofauti. Chukua kiwango kipya, kisha rudi nyuma ukitumia kasi za ukuaji za kitabu cha zamani. Kasi huungana, viwango hugombana.

Kamongo_wa_Dunga
Sawa profesa. Rais gani alishinda?

Mwalimu_Molo
Ndiyo mnachotaka tu. Kibaki alifikisha karibu asilimia 7 mwaka 2007, kisha 2008 tukaanguka hadi 0.2, na sisi wa Nakuru na nyinyi wa Kisumu hatuhitaji chati kukumbushwa ni kwa nini. Ile 7.6 ya 2021 nayo msishangilie sana, 2020 tulikuwa tumerudi nyuma kwa 0.3. Anayetoka shimoni huonekana anaruka.

Chati_Nakuru
Nashukuru wote. Lakini kwa bei zisizobadilika vijiti vinapanda kidogo kidogo, havina mvuto. Mwenye duka anataka kijiti kinachopaa. Na tuseme ukweli, mtoto wa gredi ya sita hatagawa kwa 20.

Mwalimu_Molo
Mtoto wa gredi ya sita ni wangu. Ataiamini hiyo chati kuliko anavyoniamini mimi, kwa sababu chati ina rangi. Siku moja atasimama mbele ya wakaguzi aseme mara elfu arobaini, na aibu itakuwa yangu, wewe utakuwa Gilgil unauza mfumo wa jua.

Binti_Bungoma
Mimi nasoma tu hapa kimya. Kaka, mbona unabishana kama mtu ambaye ameshalipa? Umeshachapisha?

Chati_Nakuru
Swali langu lilikuwa 2013.

Binti_Bungoma
Umeshachapisha?

Chati_Nakuru
Nakala 500. Zimefunikwa plastiki, zimetiwa fito juu na chini. Ziko sebuleni, kiti cha wageni hakionekani. Pesa ni za chama cha mke wangu, zamu yake ilikuwa mwezi huu. Lakini si mbaya kama inavyosikika, nafikiria kubandika stika ndogo pembeni: "Takwimu zinaweza kubadilika". Kwani hazibadiliki? Mwalimu mwenyewe amesema zinabadilika kila baada ya muda.

Binti_Bungoma
Mkeo anajua?

Chati_Nakuru
Anajua ni chati.

Mama_Lubao
Pesa ya zamu haichezewi, mwanangu. Shemeji yangu aliichukua ya dada akanunua incubeta ya mayai, stima ikapotea siku ya kumi na saba. Hadi leo kwenye kikao cha familia akisimama kuongea tunasikia harufu.

Fundi_Shabab
Samahani jamani, mnadanganywa. Mimi nachapisha hapahapa Nakuru. Chati kubwa ya ukutani, kijiti cha mwisho tukipe sentimita 50. Kama cha kwanza ni mara 40,000 chini, urefu wake ni sehemu ya milimita, sufuri nukta sufuri moja na kidogo. Unywele ni mnene zaidi. Hakuna mashine inayochapisha hiyo, na hakuna fundi ambaye angekosa kuuliza mbona nusu ya karatasi ni tupu. Huyu ni mwanafunzi. Ana zoezi la chuo, ameona akiuliza moja kwa moja mtamtukana, akatunga sebule na mke.

Kamongo_wa_Dunga
Eh! Na mimi nilishaanza kumhurumia mke.

Hesabu_tu
Nimeandika aya tano bure? Chati, jibu.

Soma_Njoro
Mimi ndiye mwanafunzi, si yeye. Nimekuwa nasoma tu. Tuna swali karibu sawa na hili la kuwasilisha Jumatatu, nilikuwa naomba kuchukua ile ya Hesabu_tu ya 40,000 hadi 3. Nitabadilisha maneno.

Hesabu_tu
Badilisha na namba basi, upate sufuri.

Chati_Nakuru
Fundi, kweli nusu ilikuwa tupu. Kuanzia 1964 hadi 1990, ambapo vitabu vyangu vya pauni vinaishia, hakukuwa na kijiti cha kuonekana. Nilifikiri ni umaskini wa zamani. Ndiyo tukajaza picha za mazao: kahawa, chai, pareto, mahindi, miwa, pamba. Fundi wa kule aliuliza, nikamwambia ni urembo. Picha hii hapa, nimepiga sasa hivi.

[picha]

Fundi_Shabab
Ngoja niikuze.

Naona. Nyekundu imehama, kila jani la chai lina kivuli cha waridi upande wa kulia. Hiyo mashine naijua na mwenyewe namjua, huwa hasimamishi kazi kurekebisha rangi. Chati ipo. Naondoa maneno yangu, ila mke bado sijamwona.

Binti_Bungoma
Stika iwe kubwa ifunike kichwa chote.

Hesabu_tu
Stika haisaidii. Hata bila kichwa, kati ya 1990 na 1991 anatoka pauni kwenda shilingi, uchumi unaruka mara ishirini usiku mmoja. Macho yataiona hata kama maandishi yamefunikwa.

Fundi_Shabab
Kata. Nasema kwa ufundi, si kwa utani. Pitisha mashine ya kukata hapo kwenye 1990. Kushoto unabaki na mazao sita, hakuna kijiti hata kimoja kinachoonekana. Hiyo ni chati ya Mazao ya Kenya, kila shule inaitaka. Kichwa juu na miaka chini nazo zikatwe. Upande uliokatwa uufunike upya kwa plastiki, la sivyo unyevu utaingia kabla ya mvua za Aprili. Fito zitafupishwa, mtoto wa seremala anaweza.

Chati_Nakuru
Na upande wa kulia?

Hesabu_tu
Kulia ni 1991 hadi 2024, yote ni shilingi. Weka kichwa kipya kinachosema ni kwa bei za kila mwaka. Halafu hakikisha miaka yote ya karibuni umeitoa kwenye mfululizo mmoja, wa 2016. Umetoa huko?

Chati_Nakuru
2013 ndiyo ya zamani. Ndiyo maana niliuliza 2013!

Hesabu_tu
Basi hapo, kwenye kijiti kimoja, stika nakuruhusu.

Kamongo_wa_Dunga
Nakala 500 zimekuwa 1,000. Andikeni, uchumi wa Nakuru umekua mara mbili.

Hesabu_tu
Gharama ya kukata, plastiki na seremala utoe kwanza. Kinachobaki ndicho kinachohesabiwa.

Mwalimu_Molo
Ya mazao nichukulie kumi za shule, mradi pareto ionekane vizuri. Watoto wa huku wanafikiri pareto ni jina la mtu.

Mama_Lubao
Na mahindi yapo? Nitachukua tatu.

Chati_Nakuru
Mahindi yapo, Mama, yamekaa juu ya 1971 hadi 1979. Nitakutumia kwa matatu ya Kakamega, nauli ya mzigo ni juu yako.