Ushauri: Kulala kwenye hema ufukweni Ushongo na mtoto wa miezi saba, inawezekana?

mama_wa_kwanza:
Habari zenu wadau, naombeni ushauri maana humu ndani hatuelewani. Mume wangu na washkaji zake wamepanga wikiendi ya Nane Nane tutoke Dar twende Ushongo kule Pangani tukalale kwenye mahema, familia tatu. Wenzetu watoto wao wakubwa, wangu ana miezi saba ndo kwanza ameanza uji na bado ananyonya. Mama mkwe kasikia kaja juu, eti mtoto mchanga halazwi baharini atapigwa na upepo, na mambo mengine ambayo sitayataja hapa. Baba mtoto naye anajibu mbona wavuvi wanazaa na kulea pale pale. Mi nataka kwenda jamani, tangu nijifungue ni mimi na ukuta tu, ila nikiwaza mbu, jua, na akiugua usiku tunakimbilia wapi, usingizi unakata. Aliyewahi anisaidie. Matusi sitaki.

Mzee Kobe:
Wavuvi wanalea kwenye nyumba dada, sio kwenye hema la nailoni 😂 mwambie mumeo aache kuwasingizia.

Mtoto wa Bweni:
Karibu kwetu dada. Mwezi wa nane huku ni msimu wa pepo za kusi, joto sio la kutisha ila upepo upo, na usiku kuna kibaridi. Cha kwanza kabisa ni maji. Watu wa Dar wanafika usiku wanakuta bahari imekupwa, mchanga umetandaa hadi kule, wanapiga hema hapo hapo na muziki juu. Sasa kama ni bamvua, yaani mwezi mwandamo au mwezi mpevu, maji yanajaa kwenye saa kumi alfajiri, mnapokuwa mmelala fofofo, na tofauti ya kujaa na kupwa ni zaidi ya mita 3. Kabla ya kushusha mizigo tafuteni ule mstari wa mwani mkavu na vijiti, hapo ndo maji yalipofika mara ya mwisho, nyie pandeni juu zaidi hadi zinapoota zile nyasi zinazotambaa. Ila msijikute mmeenda chini ya mnazi! Nazi ikidondoka haiangalii nani mtoto nani mkubwa. Mlango wa hema uelekezeni nchi kavu, na vile vyuma vinavyokuja na hema kwenye mchanga vinang'oka, jazeni mchanga kwenye viroba vidogo, fungeni kamba, mvizike.

nesi_wa_watoto:
Mama, bibi anaogopa upepo, mimi naogopa saa mbili asubuhi. Jua likishachomoza, hema lililofungwa linageuka tanuri na watu wazima bado wanakoroma. Mtoto wa umri huo anapata joto haraka kuliko wewe. Jua likitoka tu mtoeni, mchana akae kivulini, kofia pana, nguo nyepesi ya mikono mirefu. Losheni ya jua kwa miezi saba inaruhusiwa, mjaribishie kidogo mkononi kwanza, lakini isiwe sababu ya kumuanika. Mnyonyeshe mara nyingi kuliko kawaida. Pempasi ikikaa kavu masaa sita, utosi umebonyea, au amelegea hataki kunyonya, hapo hakuna kusubiri asubuhi.

Chandarua chenye dawa ni lazima hata kama hema lina neti, maana zipu inafunguliwa kila dakika. Na asilale kwenye godoro la upepo, linabonyea anaweza kuzibwa pumzi. Kigodoro chake kigumu, chali, basi.

Bwana Shamba:
Kwani mkimuacha kwa bibi yake kuna nini? Kizazi hiki mnapenda mateso.

mama_wa_kwanza:
Bwana Shamba ananyonya, nimuache na nini? 😅 Nesi asante sana. Swali moja, baba mtoto anasema kama kuna baridi tutaingiza jiko la mkaa kidogo ndani ya hema lipate joto halafu tulitoe, hapo vipi?

nesi_wa_watoto:
HAPANA. Hata dakika tano, hata zipu ikiwa wazi. Hewa ya mkaa inayoua haina harufu, mnalala wote hamuamki. Mvishe soksi na nguo ya ziada, inatosha.

binti wa Likoni:
Shoga mie niko Mombasa, twalala sana ufuoni upande wa Tiwi na wanetu. Beba beseni na maji ya bomba, akitoka baharini umuoshe chumvi yote hadi kwenye mikunjo ya shingo na mapajani, la sivyo harara itamtoka usiku kucha atalia. Leso usihesabu, chukua tu. Chupa ya chai ujaze maji ya moto ya uji, na uji upike kidogo kidogo, uliobaki mwaga. Kwetu kima hufungua hata mkoba, sijui huko.

Mtoto wa Bweni:
Huku ni mbwa na kaa, chakula kifungeni vizuri. Halafu hili hamjaliuliza: Ushongo ipo kusini ya mto Pangani, hospitali ya wilaya ipo Pangani mjini, ng'ambo. Mkifika tu muulizeni mwenyeji usiku watu wanavukaje na nani wa kumpigia. Wengi wanawaza hilo mtoto akishachemka.

mama_wa_kwanza:
Hilo la mto limemnyamazisha hadi baba mtoto. Tumekubaliana hivi, mimi na mtoto tunachukua banda lenye chandarua, hema lipigwe pembeni, wao walale humo na muziki wao, mchana ndo kijana wangu anapumzikia kivulini. Mama mkwe kasema kama kuna kitanda basi na yeye anakuja.

Mzee Kobe:
😂😂😂 hapo sasa ndo kempingi

Mtoto wa Bweni:
Mama mkwe karibu sana. Asubuhi maji yakikupwa wapo wanaochokoa pweza pale mwambani, nunueni kabla hawajapeleka kwa wachuuzi. Mtoto msimpe, aendelee na uji wake.