Mjadala: Fainali ya snuka ya fremu 35, ipunguzwe au iachwe?

Mleta mada:
Wadau, kila ubingwa wa dunia wa snuka, ule mchezo wa kusukuma mipira mezani kwa fimbo, unapofika pale ukumbi wa Crucible, Sheffield, hoja hii hufufuka: siku 17 ni nyingi mno. Raundi ya kwanza mshindi ni wa kwanza kufikisha fremu 10 (fremu ni mchezo mmoja kamili), mbili zinazofuata 13, nusu fainali 17, fainali 18 kati ya 35, tena kwa siku mbili. Wapo wanaotaka zikatwe ili vijana wasichoke kutazama. Mimi nasema isiguswe hata moja.

Kumbukeni nusu fainali ya 2023. Luca Brecel wa Ubelgiji yuko nyuma 14–5 mbele ya Si Jiahui, Mchina wa miaka 20 aliyekuwa Crucible kwa mara ya kwanza. Brecel akabeba fremu 11 mfululizo, akashinda 17–15, kisha fainali akamlaza Mark Selby 18–15. Kwa kipimo cha robo fainali, Si angekuwa ameshaoga na kulala.

Mchangiaji wa kwanza:
Mkuu, mfano wako unakugeuka. Aliyecheza vizuri hadi akafika 14–5 anaadhibiwa kwa kosa gani? Mwulize Jimmy White. Fainali ya 1992 aliongoza 14–8 mbele ya Stephen Hendry, akapoteza fremu kumi mfululizo. Fainali sita za dunia amecheza, kombe hajaligusa.

Na hoja ya mila iache kabisa. Mwaka 1946 Joe Davis alimshinda Horace Lindrum 78–67. Fremu 145! Zilipopunguzwa nani alivaa nguo za msiba? Fainali ya kwanza pale Crucible, 1977, ilikuwa ya kufikisha 25. Hizi 18 mnazozilinda kama kaburi la babu zimeanza 1980.

Mchangiaji wa pili:
Ninyi nyote mnahesabu fremu, mimi nahesabu dakika. Mwaka 2022 Selby na Yan Bingtao walikaa dakika 85 kwenye fremu moja. Moja! Fainali ya 2006, Graeme Dott na Peter Ebdon, iliisha saa sita na dakika 52 usiku. Fremu 35 za wachezaji wepesi hazichoshi mtu. Wekeni saa ya kupima kila pigo, mjadala uishe.

Mleta mada:
Ndugu, saa naikubali nusu. Mpira mweupe, ule wa kupigia, ukifichwa nyuma ya wa kahawia, mtu anahitaji kuizunguka meza na kufikiri. Ukimkimbiza hapo umeua nusu ya mchezo. Ila anayeganda mbele ya mpira mwekundu ulio wazi, huyo mwamuzi amsukume.

Kuhusu 1980 nakubali, nimepigwa. Lakini kwa White sikubali. Mwaka 1985 Steve Davis aliongoza 8–0, Dennis Taylor akamfukuza siku mbili nzima na kushinda 18–17 kwa mpira mweusi wa mwisho, saa sita usiku imeshapita, Waingereza milioni 18.5 wako macho. White naye alipata usiku kama huo mwaka 1994. Yeye na Hendry 17–17, yuko mezani, anaongoza fremu, akakosa mweusi uliokaa kwenye nukta yake, pigo jepesi kwake. Mchangiaji wa kwanza, hapo urefu ulimnyima nini?