Tupeane uzoefu: enzi za ARV (dawa za VVU) za kununua kwa hela yako

Mtu wa Kanyigo: Wakuu, jana kliniki nimepewa chupa za miezi sita, sijatoa hata mia. Nyuma yangu kijana analalamika eti foleni ndefu. Kabla ya Oktoba 2004, serikali yetu ya Tanzania haijaanza kuzigawa bure, angelia na nani? Mliokuwepo, tiririkeni.

Koku_BK: Umenitonesha. Mwaka 2002, Bukoba, dada na shemeji walikuwa hoi wote. Baba akauza kibanja cha barabarani pamoja na mibuni yake, hela ikatosha dozi ya mtu mmoja. Kikao kikakaliwa usiku, pande zote mbili. Hakuna aliyetamka "nani afe", walisema "tuanze na nani". Wakwe wakataka mtoto wao, ndiye mwenye ajira. Mama akauliza, na hawa watoto watatu? Ikaamuliwa dada.

Vidonge vya Triomune vilitoka Kampala kwa basi, vimefungwa gazeti ndani ya kapu la senene. Tukangoja anenepe, wapi! Kumbe kila asubuhi alikuwa anakata kidonge kwa kisu cha kumenyea ndizi, nusu anaikoroga kwenye uji wa mumewe. Nilimwambia mama. Akajibu, "Mwache, ni mume wake." Shemeji alitangulia Pasaka ya 2003. Dada, Agosti 2004.

Chausiku: Agosti kwa Oktoba jamani! Pole mwaya.

Daktari mstaafu: Pole Koku. Nusu dozi humfundisha kirusi usugu, na tuliona wengi wakigawana hivyo. Tatizo lilikuwa bei. Dawa za kampuni kubwa zilizidi dola 10,000 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Februari 2001 kampuni ya Cipla ya India ikatangaza dola 350. Machi, kampuni 39 zilikuwa mahakamani Pretoria kupinga sheria ya Afrika Kusini ya dawa nafuu. Aprili zikaondoa kesi, aibu imewajaa.

Ngosha: Mzee acha siasa. Utafiti ni gharama, bila wao hao Wahindi wangeiga nini?

Chausiku: Mwambie Koku hayo.

Ngosha: Nimempa pole kimoyomoyo. Hesabu ni hesabu.

Dereva wa Arusha: Nyie, nani alifika Samunge 2011, kwa Babu wa Loliondo aliyesema dawa yake ya miti inaponya? Kikombe shilingi mia tano, magari yamepangana porini mpaka upeo wa macho, maji ya kunywa bei ya soda. Nageuka, jirani yangu wa CTC (kliniki ya VVU) huyu hapa kajifunika kanga! Tukajifanya hatujuani.

Tabu: 😂😂 Ukapona?

Dereva wa Arusha: Nilipona kiu. Vidonge vyangu vilikuwa mfukoni, sikuacha hata siku moja.

Mtu wa Kanyigo: Uzi ushatekwa.

Tabu: Januari 2025 Trump aliposimamisha misaada, usingizi ulikata. Wekeni akiba ya dawa.

Ngosha: Wekeni akiba ya kuku, dawa ina tarehe.

Daktari mstaafu: Msirundike, mtamnyima mwenzenu. Na mambo ni yaleyale: sindano ya kujikinga na VVU, lenacapavir, Marekani ni zaidi ya dola 28,000 kwa mwaka. Ya kampuni za India imeahidiwa kwa dola 40, kuanzia 2027.

Chausiku: Hadi 2027 tukae tu?

Ngosha: Kondomu zipo.

Koku_BK: Ngosha, pole yako nimeipokea. Ila hesabu hiyo ungekuja kuifanya kwenye kile kikao, mbele ya mama.